Mistari Myekundu

Injinia Tancinco aliuangalia ule ukurasa kwenye simu yake, akauvuta juu, akaushusha, akaigeuza simu ubavu, kisha akasema neno ambalo Delfina hakuwahi kulisikia kutoka kinywani mwake tangu aanze kazi pale halmashauri.

"Safi."

Wafanyakazi wengine wakainua vichwa. Injinia akalirudia.

"Safi kabisa. Unafunguka hata kwenye simu ya mke wangu, na simu ya mke wangu ni ya kugongea misumari."

Kwa wiki mbili Delfina alikuwa amepigana na ukurasa huo. Mkoa ulitaka orodha ya watakaopewa nyumba za mlimani iwekwe kwenye tovuti ya mji, kila mtu aione kwa simu yake, yasiwepo maneno ya chini kwa chini. Orodha yenyewe ilikuwa kwenye lahajedwali la ofisi, na lahajedwali hilo lilikuwa limepita mikononi mwa kila mtu tangu kimbunga kilichozoa nyumba za ufukweni. Huyu kaunganisha visanduku, yule kapanua safu, mwingine kabandika nembo ya mji katikati ya majina kwa sababu anazozijua mwenyewe. Delfina alipoiamuru kompyuta iligeuze kuwa ukurasa wa tovuti, kompyuta ilitii kama mtoto mkaidi anavyotii. Jedwali lilimwagika nje ya kioo upande wa kulia. Jina la ukoo likabaki huku, jina la ubatizo likaenda kule. Na nyuma ya hayo yanayoonekana, faili lilikuwa limejaa maagizo ya rangi, ya unene wa mistari, ya ukubwa wa herufi, kurasa kwa kurasa za takataka, kiasi kwamba kwa mtandao wa mji wa San Eligio mtu angeweza kupika wali ukaiva kabla hajaona jina moja.

"Isafishe," Injinia alikuwa akisema kila asubuhi, kana kwamba anazungumzia sakafu.

Basi aliisafisha. Alipata programu ndogo ya bure mtandaoni, unaitupia faili chafu nayo inakurudishia jeupe: maneno yanabaki, mapambo yote yanakwenda zake. Alipoona majina yamejipanga moja chini ya jingine, mtaa pembeni, idadi ya watu wa nyumba pembeni zaidi, karibu machozi yamtoke. Ijumaa mchana ukurasa ukapandishwa. Injinia akamnunulia soda na mkate wa nazi. Hata mkataba wake wa miezi sita, uliokuwa unakwisha mwishoni mwa mwezi, haukuzungumzwa tena kwa wasiwasi, ulionekana umeshaongezwa.

Hakuna aliyegundua kitu. Delfina mwenyewe, aliyeutazama ukurasa ule hadi macho yakauma, hakugundua.

*

Harufu ya manyoya yaliyoungua ilimpokea kabla hajafika nyumbani. Waliishi kwenye mabanda ya muda ya kando ya ufukwe, ambayo huu ulikuwa mwaka wa sita yanaitwa ya muda. Mbele ya mlango wao watu walikuwa wamezunguka moto. Nguruwe alikuwa amelazwa juu ya majani ya mgomba, na Arnulfo, mumewe, alikuwa amechuchumaa akimkwangua kwa kisu, jasho likimtiririka.

"Huyu hapa!" Mama Ciriaca alipiga kelele. Mama mkwe huyo alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti isiyolingana na kimo chake. "Mwangalieni! Wiki mbili anailaza siri kifuani, hata mimi mkwewe naambiwa na msichana wa dukani!"

Delfina aliuchukua mkono wa mama mkwe akaugusisha kwenye paji la uso wake, kama ilivyo desturi. "Siri gani, Mama?"

"Siri gani, anasema! Tumo!"

Akamsogezea simu usoni. Kioo kilikuwa na ufa lakini jina lilisomeka vizuri. Lagrimas, Ciriaca. Mtaa wa Pili. Watu watano.

"Mtumishi wa serikali huyo," alisema Mzee Pablito, jirani wa banda la tatu, aliyekuwa ameshaketi na kikombe chake cha tembo la mnazi. "Mdomo wake una kufuli. Angekuwa mke wangu, ningejua kabla meya hajajua."

"Angekuwa mke wako angekuwa ameshatoroka," alimjibu Rosenda, mwanamke wa banda la mwisho, na watu wakacheka.

Delfina alisoma tena. Kisha akashusha macho. Gagatam, Pablito, naye alikuwamo. Catudio, Rosenda, alikuwamo. Hapo ndipo alipoikumbuka rangi.

Katika ofisi ile, jina la mtu halikuwa likifutwa. Mji ni mdogo. Huyu ni jirani, yule mmesimamiana ubatizo wa watoto, yule binamu wa mkeo. Nani atabonyeza kitufe, kisha kesho akutane sokoni na mtu anayejua kwamba yeye ndiye aliyemtoa? Kwa hiyo mtu akikosa sifa, mstari wake ulipakwa rangi nyekundu ukaachwa palepale. Hakuitwa, hakuandikiwa. Mwenyewe angejua siku ya kugawa funguo, asipoitwa, na siku hiyo ofisi nzima ingekuwa na udhuru. Nyumba zilikuwa mia na themanini na majina yalikuwa zaidi ya mia tatu, lakini hakuna aliyewahi kuona haja ya kuandika neno "ameondolewa" popote. Ile rangi ndiyo iliyokuwa neno. Kila mmoja ofisini aliisoma bila kujua kwamba anasoma. Programu ya bure ilikuwa haijazaliwa San Eligio: iliona pambo, ikafuta.

Na mstari wa Ciriaca Lagrimas ulikuwa mwekundu tangu Juni. Delfina aliuona ukipakwa. Alikuwa amempelekea Injinia kahawa, na Injinia, bila kugeuka, alisema, "Itaangaliwa, Fina, itaangaliwa." Familia yenye mtumishi wa halmashauri haikustahili kupewa nyumba. Hakusema nyumbani. Angesemaje, na mama mkwe alivyokuwa akiitangaza kazi ile sokoni, kanisani, hata kwa wauza samaki ambao hawakumuuliza? Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuishi na Mama Ciriaca.

"Mama," alisema polepole, "na mabati je?"

Maana nguruwe yule alikuwa mabati. Walimlisha makapi na maganda tangu Januari ili auzwe kabla ya mvua za Novemba, paa la banda libadilishwe.

"Mabati ya nini?" Mama Ciriaca aligeuka kwa wageni, mikono kiunoni. "Mnamsikia? Nyumba ya mlimani ina paa lake! La serikali!"

"Mwenye nyumba ya saruji anaulizia mabati," alisema Mzee Pablito. "Umaskini ni ugonjwa, hata ukipona unaendelea kukohoa."

Wakacheka tena. Arnulfo naye alicheka, akapangusa kisu kwenye suruali, akampasua nguruwe tumbo.

Delfina aliketi walipomwambia aketi. Walimkatia kipande cha ngozi iliyokauka vizuri, ile sehemu inayogombewa, wakamwekea na siki yenye pilipili. Alikula. Ilikuwa tamu na hakusikia utamu wake. Kila aliyefika alimpa mkono na kumshukuru, na alijibu, "Karibu, karibu." Karibu nusu ya waliokuwa wakila pale walikuwa wekundu, na alikuwa akiwajua mmoja mmoja.

*

Wageni walipoondoka, mume na mke walibaki kuosha masufuria kwenye bomba la pamoja. Mama Ciriaca alikuwa ndani, akiwaeleza wajukuu zake wawili, watoto wa Delfina, ni chumba gani kitakuwa chao.

"Arnulfo, sisi ni wekundu," Delfina alisema.

"Wekundu nini?"

Akamweleza. Alieleza kwa maneno machache kwa sababu hakukuwa na mengi. Arnulfo aliendelea kusugua sufuria lilelile.

"Tangu lini?"

"Juni."

"Na kosa letu?"

"Mimi. Nyumba yenye mtumishi wa halmashauri haipewi."

"Mtumishi?" Aliacha kusugua. "Wewe si kibarua? Huna bima. Huna likizo. Ulipougua dengue ulikatwa siku zote tisa. Mtumishi wapi?"

"Kwenye malipo mimi ni kibarua. Kwenye orodha mimi ni mtumishi."

Arnulfo aliyamwaga maji, akayatazama yakienda mtaroni na mafuta yake. Hakuwa mtu wa hasira. Aliendesha bajaji ya mtu mwingine, na kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kumeza mengi.

"Basi mwambie mama," alisema.

"Ni mama yako."

"Lakini hayo mambo ya kompyuta unayajua wewe. Mimi nitamwambia rangi imepotea? Atanipiga na mwiko."

"Arnulfo."

"Haya. Nitamwambia. Jumapili baada ya misa, akiwa ametulia."

Jumapili Arnulfo alitoka na bajaji kabla jogoo hajawika, akisema kuna abiria wa bandarini. Mama Ciriaca alikwenda misa na wajukuu, akatoa shukrani kwa sauti, akamwomba padri aje kuibariki nyumba mpya akipata nafasi. Aliporudi alikuwa ameshamwahidi mpwa wake kwamba atamwachia chumba chao cha bandani, na mpwa alikuwa ameshaleta kitanda, kimesimamishwa ukutani kwa nje. Jioni Arnulfo alirudi, akala nyama iliyobaki na mchuzi wa damu, akasema mgongo unamuuma, akalala. Delfina alimwangalia mama mkwe akikunja mapazia. Mara mbili alifungua mdomo, na mara zote mbili mama mkwe alimkabidhi ncha ya pazia amshikie.

*

Jumatatu Injinia Tancinco hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali. Viongozi wa mitaa, makapteni kama wanavyoitwa, walikuwa wamempigia simu tangu Jumamosi, kila mmoja anauliza mbona majina ni mengi kuliko nyumba, na mkoani pia walikuwa wameuliza. Alikuwa ameweka simu mbili mezani, zimelazwa kifudifudi.

"Fina," alisema, "nyekundu imekwenda wapi?"

"Imefutika wakati wa kusafisha, Injinia."

"Hukuona?"

"Sikuona."

"Mtu anakosaje kuona nyekundu? Zaidi ya mistari mia, Fina. Hata ng'ombe anaona nyekundu."

"Injinia uliutazama ukurasa ukasema safi."

Mwenzake mmoja alianza kupanga klipu za karatasi kwa ukubwa. Injinia alimtazama Delfina, na Delfina akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Samahani, Injinia."

"Tutahitaji barua ya maelezo," alisema Injinia. "Kwamba kosa ni la mchapaji. Mkoa wanataka jina la mtu."

Barua hiyo aliichapa Delfina mwenyewe, kwa kuwa hakukuwa na mwingine ofisini anayechapa haraka. Injinia alisimama nyuma yake akiitamka. "Kutokana na uzembe," alisema Injinia, na Delfina akachapa uzembe. "Ulio nje ya uwezo wa ofisi," alisema, na Delfina akachapa hivyo pia. Alipomaliza aliisoma tangu juu, akasahihisha tarehe, akaipiga chapa, akatia saini.

"Sasa," alisema Injinia, "ukurasa urekebishwe. Wale wekundu watoke."

"Nirudishe rangi?"

"Rangi tena? Watoke kabisa, wafutwe. Mkoa hawataki kusikia habari ya rangi."

Alipolisema neno hilo, kiti kimoja kilisogea, halafu kingine. Mhasibu alikumbuka kwamba ana risiti benki. Msichana wa mapokezi alikumbuka chanjo ya mwanawe. Yule wa klipu alisema anakwenda chooni, akachukua mkoba wake wote. Injinia mwenyewe aliusogelea mlango.

"Wewe ndiye unayelijua hilo faili," alisema.

Delfina alifungua lile jedwali la zamani upande mmoja, lenye rangi zake, na ukurasa mweupe upande mwingine. Akatafuta mwekundu wa kwanza, akautafuta kwenye ukurasa, akaufuta. Hapakuwa na sauti. Mstari ulitoweka na wa chini yake ukapanda juu kujaza nafasi, na ukurasa ukabaki mzuri vilevile. Alifuta Abad, akafuta Baldono wawili, ndugu, ambao hawakuwa wakisemezana tangu baba yao afe na sasa walitoka pamoja. Alifuta Catudio. Alifuta Gagatam. Alipofika kwenye Lagrimas hakungoja. Aliona kwamba akingoja hataendelea. Baada ya hapo kazi ilikuwa rahisi zaidi, na jambo hilo lilimwogopesha kuliko yote.

Kabla ya adhuhuri watu walikuwa wamejaa langoni. Kila aliyesikia kwamba orodha "inarekebishwa" alikuja kusikia kwa masikio yake. Injinia aliwachungulia kupitia pazia.

"Lazima mtu awaambie," alisema.

Delfina alihifadhi faili, akalifunga.

"Mimi nina mkutano mkoani." Akakohoa. "Fina. Mkataba wako, unajua, baada ya barua ile, si rahisi. Lakini ukinisaidia na hili, nautia saini leo. Miezi sita."

Lilimjia swali, na alishangaa kuona kwamba anao ujasiri wa kuliuliza, au labda haukuwa ujasiri; alikuwa amechoka tu kuogopa.

"Injinia, nisipokuwa mtumishi, mstari wetu utatoka kwenye nyekundu?"

Injinia aliangalia dirishani, akaangalia saa, akaangalia viatu vyake. Alikuwa mtu mwema, na kama watu wema wote wa mji ule hakuwahi katika maisha yake kumwambia mtu hapana.

"Itaangaliwa," alisema.

Delfina alikuwa amekaa ofisini vya kutosha kulijua neno hilo. Alifikiria gunia la mchele linaloishia. Alifikiria Novemba. Hakufikiria kwa muda mrefu.

"Saini kwanza," alisema.

*

Walimwekea kiti cha plastiki chini ya ukingo wa paa, karibu na lango, na karatasi yenye majina na sababu. Kipaza sauti kilikuwapo lakini betri zake zilikuwa zimekufa. Watu walipanga foleni, kwa kuwa walikuwa wamezoea foleni tangu kimbunga. Mchele, maji, turubai, vyote walivipangia foleni.

"Mbona wewe?" aliuliza Rosenda alipofika mbele. "Injinia yuko wapi?"

"Yuko mkoani."

"Gari lake lile pale."

Wote wakaligeukia lile gari chini ya mti wa mkungu. Lilikuwa la Injinia kweli. Delfina akasoma.

"Rosenda Catudio. Umeondolewa, dada. Mume wako ni baharia, nyumba ina kipato cha dola."

"Baharia!" Rosenda alicheka kicheko kibaya. "Hata sura yake nimeanza kuisahau. Hiyo kompyuta yenu kama inamjua yuko bandari gani, iniambie na mimi nimfuate."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Nani kaandika? Na nani kanifuta?"

"Aliyeandika simjui. Aliyefuta ni mimi."

Miaka yote ile ya mchele na turubai, katika mji ule hakuna aliyewahi kujibu swali hilo kwa neno hilo. Rosenda alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi mtu huyu, kisha akatema mate pembeni, si juu ya mtu, akaondoka.

Akafuata Mzee Pablito, kofia mkononi.

"Gagatam, Pablito. Umeondolewa, mzee. Una kiwanja cha urithi, Mtaa wa Kwanza, ufukweni."

"Fina, mwanangu, kiwanja hicho kina maji ya kifua. Wapangaji wangu ni kaa." Watu walicheka, naye akafurahi kuwachekesha. "Wakilipa kodi nitakuletea fungu lako." Kisha kicheko kikaisha, na mzee hakuondoka. Akainama kidogo, akasema kwa sauti ya chini, "Ijumaa, tulipokuwa tunakula pamoja. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Mzee aliivaa kofia yake. "Nyama ilikuwa nzuri," alisema, na akaenda.

Delfina aliendelea kusoma. Wengine walimtukana, na matusi ya pale yanajua njia. Yalipita kwa mama yake, yakapita kwa nyanya yake. Wengine walimwita mamluki wa meya. Mwanamke mmoja alilia, na mmoja alimwuliza kama angeweza kurudishwa hata mwisho kabisa wa orodha, chini kabisa, hata bila namba. Kwa wote alitoa sauti moja, na lilipofika jina la kumi na kitu alikuwa hasikii tena maana ya maneno yenyewe. Aliona viatu tu, vikija na kuondoka. Kandambili, kandambili, buti la mpira, miguu mitupu.

Kisha vikaja viatu vyeusi vya kung'aa, vya kike, vya kanisani, vidogo kuliko miguu iliyokuwa ndani yake.

Aliinua macho. Mama Ciriaca alikuwa amevaa gauni lake la bluu, nywele zimepakwa mafuta na kubanwa. Alikuwa ameshika mwavuli uliofungwa na bahasha. Delfina alijua kilichomo kwenye bahasha: picha ndogo za watu watano, kwa ajili ya kitambulisho cha nyumba, zilizopigwa Jumamosi kwa mpiga picha wa sokoni. Arnulfo hakuwa amemwambia. Mama huyo alikuwa ameambiwa na majirani kwamba kuna jambo la orodha huko ofisini, akadhani ni funguo.

"Mama Ciriaca, pita mbele tu, si mkweo huyo ana karatasi?" mtu alisema nyuma.

"Nimepanga kama wenzangu," alisema Mama Ciriaca bila kugeuka.

Delfina angeweza kuliruka jina hilo. Angeweza kumnong'oneza aende nyumbani, wataongea. Macho ya foleni nzima yalikuwa juu ya karatasi, yakingoja kuona kama ataliruka.

"Lagrimas, Ciriaca," alisoma. "Umeondolewa, mama."

Uso wa Mama Ciriaca haukubadilika upesi. Kwanza macho yalikwenda kwenye karatasi, kisha kwenye kiti cha plastiki, kisha kwa watu. Alimwelewa mkwewe pale pale. Delfina aliliona hilo likitokea. Na yule mwanamke aliyeitangaza kazi ile sokoni na kanisani akasimama wima, akaongea kama mtu aliyekuja kuonana na karani asiyemjua.

"Kwa sababu gani, bibie?"

"Nyumba hiyo ina mtumishi wa halmashauri."

"Ahaa." Akaiweka bahasha chini ya kwapa. "Na huyo mtumishi, mshahara wake unatosha kujenga nyumba?"

Watu walicheka kidogo, kisha wakaacha.

"Hautoshi, mama."

"Hautoshi. Nilitaka kujua tu." Akatikisa kichwa taratibu. "Asante kwa kuniambia, bibie. Ni kazi ngumu."

Akasogea kando kumpisha aliyekuwa nyuma yake.

"Anayefuata," alisema Delfina, na akasoma.

Ilipokwisha karatasi jua lilikuwa limeshuka nyuma ya soko na ofisi imefungwa. Gari la Injinia lilikuwa limeondoka kwa lango la nyuma. Mama Ciriaca alikuwa bado yupo, ameketi kwenye ukingo wa mtaro ng'ambo ya barabara, mwavuli magotini. Delfina alivuka, akasimama mbele yake. Hakuthubutu kuuomba mkono.

"Wameongeza mkataba?" mama mkwe aliuliza.

"Wameongeza. Miezi sita."

"Umeona saini?"

"Nimeiona. Alisaini mbele yangu."

"Sawa." Mama Ciriaca aliinama akavua kiatu kimoja, kisha kingine. Visigino vilikuwa vimechunika, vyekundu, ngozi imejikunja pembeni. Alivipulizia kama anavyopulizwa mtoto.

"Viatu hivi ni vya binamu yangu," alisema. "Ungeniambia nyumbani, mwanangu, nisingevivaa."

Akasimama peku kwenye lami, akavishika mkononi, na wakaanza kutembea.